Uanagenzi wa Watoja wa Ujapani

Msomaji, neno "mwanafunzi", ambalo waitwa kwalo kila siku, huanza na neno "mwana". Wajapani nao humwita mwanagenzi deshi, na neno hilo huandikwa kwa alama mbili: ya kwanza maana yake ni ndugu mdogo, na ya pili ni mtoto. Basi katika lugha zote mbili, ajaye kufundishwa huingia katika ujamaa. Tazama sasa jinsi ujamaa huo ulivyohifadhi kazi iliyodharauliwa na watu na kukatazwa na sheria: kazi ya kutoja, yaani kuchora picha katika ngozi ya mwanadamu kwa sindano na wino.

Dharau hiyo ina asili yake. Tangu mwaka 1720 serikali ya Ujapani iliwatia wahalifu tojo mwilini, ili kila awaonaye ajue makosa yao. Adhabu hiyo haikuondolewa mpaka 1870. Lakini wakati huo huo watu wa kazi ngumu, kama wazima moto na wapagazi wa mji wa Edo, uitwao leo Tokyo, walijipamba kwa tojo kwa hiari yao. Mwaka 1827 mchoraji Utagawa Kuniyoshi alianza kutoa picha za mashujaa wa hadithi ya Kichina, miili yao imejaa majoka na maua, na watu wengi wakatamani kufanana nao. Picha hizo zilipigwa chapa kwa vibao vya mti vilivyochongwa. Na mtoja naye huitwa horishi, jina litokanalo na kuchonga.

Mwaka 1872 serikali mpya ilipiga marufuku kazi hii, kwa kuogopa kwamba wageni kutoka Ulaya wangeiona nchi kuwa ya washenzi. Ajabu ni kwamba wageni hao ndio walioipenda. Mwaka 1881 George, mwana wa mfalme mtarajiwa wa Uingereza, ambaye baadaye alitawala kwa jina la George V, alitojwa joka mkononi huko Ujapani. Mwaka 1891 Nicholas, mrithi wa kiti cha Urusi, alifanya vivyo hivyo.

Marufuku ilidumu hata 1948. Je, kazi iliyofichwa kwa muda wa miaka 76 yarithishwaje? Hapakuwa na chuo wala mtihani. Kijana aliyeitaka hakuwa na budi kumtafuta fundi, kupiga hodi, na kustahimili kukataliwa. Akikubaliwa, mara nyingi alihamia nyumbani kwa fundi wake. Huko alifagia, akapika, akatumwa sokoni, wala hakuguswa na sindano. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fundi hakueleza mengi, mwanagenzi alitazama. Baadaye alifundishwa kufunga sindano kwenye kijiti cha mwanzi na kusugua wino wa masizi. Ndipo alipojaribu mkono wake, na ngozi ya kwanza aliyoichoma ilikuwa ya mapaja yake mwenyewe. Seremala akikosea hutupa ubao, lakini kosa la mtoja hubaki katika mwili wa mwenziwe mpaka kaburini. Alipohitimu, fundi alimpa jina jipya lenye kutanguliwa na Hori, ikawa ndiyo shahada yake.

Desturi hii haikufa marufuku ilipoondolewa. Mwaka 1971 Yoshihito Nakano, aliyezaliwa 1946, alianza uanagenzi Yokohama kwa fundi Yoshitsugu Muramatsu, Horiyoshi wa kwanza. Mwishowe alipewa jina la fundi wake, na ulimwengu ukamjua kama Horiyoshi III.

Haifai, lakini, tuusifu uanagenzi huu bila kuona ila zake. Mwanagenzi aliweza kutumikishwa miaka mingi bila mshahara, na asiye na fundi mwema hakuwa na pa kushtaki. Tena hakuwa na cheti cha kuonyesha mbele ya serikali. Jambo hili lilidhihirika mwaka 2015, mtoja mmoja wa Osaka alipotozwa faini kwa kutoja bila kuwa daktari. Alikataa kulipa, akaenda mahakamani. Mwaka 2017 alishindwa. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ikamwachilia. Na mwaka 2020 Mahakama Kuu Kabisa ya Ujapani ikathibitisha kwamba kutoja si kazi ya uganga, bali kwahitaji ustadi wa sanaa, wala hakutazamiwi kuwa kazi ya madaktari peke yao.

Angalia uzito wa hukumu hiyo. Kama ingekuwa kinyume, kijana atakaye kazi hii angelazimika kwanza kusomea udaktari, na nyumba ya fundi ingefungwa na sheria kwa mara ya pili. Wewe utapewa cheti chako siku moja, nacho ni kitu chema. Lakini kumbuka kwamba wako watu waliojifunza kazi kwa ukamilifu pasipo cheti, kwa kuwa kila kosa lao lingesomwa na watu wote katika ngozi ya mtu aliye hai.