Tiba ya kuzuia homoni, na fukuto lake

Tuseme ni mama wa miaka 40, mkazi wa Koboko, West Nile, Uganda. Ametolewa titi Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani pale Mulago, akarudi nyumbani na tamoksifeni ya miligramu 20, kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5, pengine 10. Wiki chache baadaye anaanza kuamka usiku shuka limelowa chapachapa. Joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni, uso unawaka, moyo unamwenda mbio, kisha anatetemeka kwa baridi. “Wifi, hiyo malaria hiyo,” anaambiwa na wifi yake. Na West Nile nani atabishia malaria? Anapimwa, haipo. Kipimajoto nacho kinasoma kawaida.

Kwenye karatasi yake pameandikwa “tiba ya homoni”. Wifi amesikia kwamba joto la waliokoma hedhi hutulizwa kwa vidonge vya estrojeni, navyo pia huitwa tiba ya homoni, basi anashauri wakanunue Arua. Jina moja, kazi kinyume kabisa! Saratani nyingi za matiti zina vipokezi ambavyo estrojeni huvikalia kama kigoda, uvimbe ukapata nguvu ya kukua. Tamoksifeni huwahi kigoda hicho. Estrojeni ikifika inakuta pamekaliwa. Jaribio moja la Uswidi, la kuwapa homoni wanawake waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti, lilisimamishwa mwaka 2003 kwa kuwa ugonjwa uliwarudia wengi zaidi. Ndiyo maana naandika tiba ya kuzuia homoni, hata kama jina limerefuka.

Joto lenyewe naliita fukuto. “Wimbi la joto” wameshalichukua watu wa hali ya hewa, na “homa” ndiyo inayomtuma mama kununua dawa za malaria. Aliyewahi kusimama karibu na tanuri la mkaa lililofukiwa udongo anajua kufukuta: moto upo ndani, mwali huuoni. Ubongo uliokosa ishara ya estrojeni hudhani mwili umechemka, hivyo hutanua mishipa ya ngozi na kufungulia jasho ili kuupoza.

Tena tuseme dalili za ukomohedhi, tusilidondoshe hilo neno dalili. Mama huyu hajakoma hedhi kwa hakika. Anaweza kukaa miezi bila kuona siku zake na bado akashika mimba, na tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kinga yake iwe kondomu au koili ya shaba, kwani sindano na vidonge vya uzazi wa mpango vina homoni.

Asiache tamoksifeni kimyakimya. Zipo dawa za fukuto zisizo na estrojeni, na daktari wake atamchagulia inayopatana na tamoksifeni. Kwenye duka la dawa Arua, ambako Mlugbara, Mkakwa, Mnubi na mfanyabiashara kutoka Kongo huelewana kwa Kiswahili, aseme hivi: “Natumia dawa ya kuzuia homoni. Napata fukuto. Usinipe estrojeni.”