WiFi Yako Haina Laana, Ina Historia

Wasee, wacha nianze na aibu yangu.

Mwaka jana nilipoteza kazi kwa sababu ya WiFi. Si kazi ya ofisi, mimi chuo niliacha nikiwa mwaka wa pili na ofisi hazinijui. Ilikuwa kazi ya kuhariri video za jamaa mmoja wa ng'ambo, na ndiyo ilikuwa inalipa rent. Kila usiku mambo yalikuwa yaleyale. Nachomeka diski ya nje yenye video, naanza kuzipakia, intaneti inakatika. Ile alama ya WiFi kwa kona ya skrini iko palepale, lakini hakuna kitu kinatembea. Nazima ruta, nawasha ruta. Inarudi dakika tano, inaenda tena.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba simu yangu, hapohapo kwa meza, ilikuwa inacheza video bila shida. Na nikiwa napiga tu stori na mabeshte, hata laptopu ilikuwa sawa. Nikianza kazi, inakufa.

Nililaumu kampuni ya intaneti. Nikalaumu keateka aliyepitisha waya. Siku moja saa nane usiku nikalaumu mpaka ukoo wetu. Usicheke. Ukishaacha chuo, kila kitu kikikwama unaona ni wewe unahukumiwa.

Mteja alivumilia mara tatu. Mara ya nne akaniandikia, kwa heshima, kwamba anatafuta mtu wa kutegemewa. Hilo neno lilinikaa kwa roho.

Sasa nikawa na muda mwingi na hasira nyingi, nikaanza kusoma hii WiFi ilitoka wapi. Kumbe jibu la shida yangu lilikuwa huko.

Twende Hawaii, mwaka 1971. Chuo Kikuu cha Hawaii kina kompyuta kubwa kwa kisiwa kimoja, na watu wanaotaka kuitumia wako visiwa vingine. Kuvuta waya baharini ni gharama. Profesa mmoja anaitwa Norman Abramson, na wenzake, wakaamua kutumia redio. Mtandao wao wakauita ALOHAnet.

Shida ilikuwa hivi: mashine nyingi zinatumia masafa mamoja. Mbili zikiongea pamoja, ujumbe unagongana na wote unaharibika. Abramson hakuweka polisi wa trafiki. Alisema kila mashine itume ikitaka. Isipopata jibu kwamba ujumbe umefika, ingoje muda wa kubahatisha, kisha itume tena. Kwa sababu kila moja inangoja muda wake, si rahisi zigongane tena.

Ni kama watu wawili wakikutana kwa mlango mwembamba. Wote wanaingia, wanagongana, wanarudi nyuma, halafu mmoja anachelewa kidogo na mwingine anapita. Ilifanya kazi, lakini bei yake ilikuwa kubwa. Hesabu inaonyesha mtindo huo ukitumika vilevile, ni asilimia 18 hivi tu ya uwezo wa njia inayobeba ujumbe unaofika salama. Kumbe mawasiliano ya redio kati ya kompyuta yalizaliwa yakigongana.

Sasa turudi nyuma kidogo, tuingie jikoni. Mwaka 1945 fundi Mmarekani, Percy Spencer, aliyekuwa akifanya kazi na mitambo ya rada, aliomba hataza ya kupika chakula kwa mawimbi. Hapo ndipo maikrowevu ilitoka. Lakini mashine ya aina hiyo inatoa kelele ya redio, na kelele hiyo inaweza kuvuruga mawasiliano ya watu wengine. Kwa hivyo mwaka 1947, kwenye mkutano wa kimataifa wa mawasiliano kule Atlantic City, Marekani, sehemu fulani za masafa zilitengewa mashine za viwanda, sayansi na tiba. Sehemu moja iko hapo gigahezi 2.4. Kwa lugha ya mtaa, hiyo ni jaa. Mtu yeyote mwenye kelele, akatupe huko.

Miaka ikapita. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikafanya kitu ambacho wakubwa wa redio hawakukipenda. Mhandisi wao Michael Marcus alikuwa amesukuma wazo kwamba hayo masafa ya jaa yaruhusiwe kutumika kwa mawasiliano bila leseni. Tarehe 9 Mei 1985 ikapita. Lakini kulikuwa na masharti mawili: kifaa chako kisisumbue wenye leseni, na kikisumbuliwa, kivumilie. Huna pa kushtaki.

Soma hilo sharti la pili tena. Kama uko kwa gigahezi 2.4, sheria ilishakuambia mapema kwamba utasumbuliwa na utanyamaza. WiFi haikuibiwa plot nzuri. Ilijijengea kwa jaa ikijua ni jaa.

Waliofuata walikuwa na shida ya duka. Kampuni ya NCR, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kaunta za malipo, ilitaka mashine hizo zihamishwe dukani bila kufumua waya kila mara. Kikundi chao cha Uholanzi kikaingia kwa hayo masafa ya bure. Mmoja wao, Vic Hayes, akaongoza kamati iliyoandika kanuni za pamoja ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane. Kanuni ya kwanza ilitoka mwaka 1997, kasi yake megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 ikaja nyingine ya megabiti 11, na mwaka huohuo jina WiFi likabuniwa na kampuni ya kutunga majina. Wale wanasema ni kifupi cha maneno fulani, wamedanganywa. Ni jina tu la kuuza.

Kanuni hiyo ilichukua tabia ya Hawaii na kuiongezea adabu: sikiliza kwanza. Kukiwa na anayeongea, ngoja. Kukinyamaza, ngoja tena kidogo muda wa kubahatisha, ndio utume. Usipojibiwa, rudia.

Kule Australia nako kulikuwa na watu wakipambana na kuta. Ndani ya nyumba mawimbi hayafiki kwa njia moja. Yanagonga ukuta, mlango, dari, yanafika mara nyingi kwa nyakati tofauti kidogo, kama mwangwi kanisani. Mhandisi John O'Sullivan alikuwa amewahi kutafuta ishara za redio za mashimo meusi madogo yanayolipuka huko angani. Hakuyapata. Lakini ile hesabu ya kusafisha ishara zilizochafuka ikasaidia yeye na wenzake wa shirika la utafiti la CSIRO kushinda mwangwi wa nyumbani. Hataza yao Marekani ilitoka mwaka 1996, na makampuni makubwa baadaye yakaishia kuwalipa.

Na sisi? Hadi mwaka 2009 Kenya ilikuwa inategemea setilaiti kufika kwa intaneti ya dunia, polepole na kwa bei. Wakubwa zetu wanakumbuka kulipa kwa dakika pale saiba. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zikatua Mombasa kupitia chini ya bahari. Baadaye nyaya zikapanda ghorofa za mtaani, na kila nyumba ikaweka ruta yake. Mimi hapa nikifungua orodha naona mitandao 27. Mmoja unaitwa "Nunua Yako".

Sasa weka hiyo picha pamoja. Bendi ya 2.4 ina chaneli 13, lakini zimebanana. Kila mtandao unakula upana wa karibu chaneli nne, kwa hivyo zile zisizogusana kabisa ni tatu tu: 1, 6 na 11. Mitandao 27 kwa njia tatu, wote wanasikiliza, wote wanangoja. Ndiyo maana saa mbili usiku, watu wakirudi kazini, mambo yanakuwa mazito hata kama umelipia kasi kubwa. Na ndiyo maana kuzima na kuwasha ruta husaidia kwa muda: ruta nyingi zikiwaka hutafuta upya chaneli yenye nafasi. Si uchawi, ni kuhama kiti.

Lakini hao 27 angalau wana adabu ya kusikiliza. Shida kubwa ni wale wasiosikiliza. Maikrowevu haingoji mtu. Inapasha ugali wako hapohapo kwa 2.4, na kile kidogo kinachovuja kinatosha kuzima sauti ya laptopu iliyo karibu.

Hapa ndipo nilisimama nikaangalia meza yangu.

Swali lilikuwa moja: nani anapiga kelele nikianza kazi, na ananyamaza nikiacha? Si jirani, jirani hajui ratiba yangu. Si kampuni, simu iko sawa. Nikaangalia ile diski ya nje. Mwaka 2012 Intel walichapisha karatasi kuonyesha kwamba vifaa vya USB 3.0 vikipitisha data vinatoa kelele ya redio hapo gigahezi 2.4. Diski yangu ni USB 3.0, na ilikuwa inalala ubavuni mwa laptopu. Laptopu yenyewe ni ex-UK ya zamani, kadi yake inajua 2.4 peke yake. Simu inatumia bendi ya gigahezi 5, ndiyo maana haikusikia chochote.

Nikahamisha diski kwa tundu la USB la zamani upande ule mwingine. Inanakili polepole, lakini kelele iliisha. Nilipakia video ya saa moja bila kukatika hata mara moja. Manze, nilikaa tu nikiiangalia hiyo skrini.

Nilimwandikia yule mteja nikamweleza. Alinijibu vizuri sana, lakini nafasi ilikuwa imeshajazwa.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Tumefundishwa kwamba intaneti ikikatika kuna watu wawili wa kulaumu, kampuni au wewe mwenyewe. Mara nyingi si yeyote kati yao. Uliza historia. Kwanza, jaribu simu na laptopu mahali pamoja. Zote zikikufa, chomeka waya kutoka kwa ruta hadi laptopu. Ikikufa hata na waya, hapo sasa pigia kampuni simu na uwe na hasira halali. Laptopu ikiwa peke yake ndiyo inakufa, angalia kama inaweza kutumia bendi ya 5. Hiyo haifiki mbali na haipendi kuta za mawe, lakini ina nafasi. Angalia kilichochomekwa ubavuni. Angalia pia kama laptopu inazima kadi ya WiFi yenyewe kuokoa betri. Kwa Windows, ingia Device Manager, fungua kadi ya mtandao, sehemu ya umeme, utoe ile tiki. Na ruta isikae nyuma ya TV wala ndani ya kabati la chuma. Toa nje, weka juu.

Wiki mbili zilizopita dada yangu mdogo alinipigia kutoka nyumbani Nakuru, sauti iko karibu kulia. "Kaka, leo ndio mwisho wa kutuma fomu ya chuo, na hii WiFi imekataa." Mimi niliyeacha chuo, ndiye naulizwa.

Nikamuuliza, "Uko wapi?"

"Jikoni. Sebuleni kuna wageni."

"Mama anafanya nini?"

"Anawapashia chakula."

Nikamwambia amwombe mama, kwa heshima, asubiri dakika kumi. Nikasikia mama akiuliza kwa mbali chakula na kompyuta vinahusiana vipi. Halafu ile sauti ya maikrowevu ikanyamaza.

Wageni walikula wamechelewa. Fomu ilienda.

Yako huwa inakatika ukifanya nini? Niambie, tutafute mwenye kelele.