Themostati: kidhibitijoto, si kizuizi cha maji

Kuna kipuri kimoja kidogo ambacho mafundi wengi wa Afrika Mashariki hukitoa kwenye injini na kukitupa, wakiamini wanaisaidia gari ipoe. Ni themostati. Naamini kosa hilo lina uhusiano na jina lenyewe: halimwambii mtu kitu.

Toyota Probox nyingi zinazopanda na kushuka vilima kati ya Gitega na Muyinga zimetumika kwanza Japani, zikashushwa bandarini Dar es Salaam, kisha zikaingia Burundi kwa mpaka wa Kobero. Vipuri hufuata njia hiyohiyo. Fundi wa Gitega ana majina ya Kifaransa mdomoni. Muuzaji aliyechukua mzigo Kariakoo, Dar es Salaam, ana rejeta, feni na kulanti. Kwenye themostati wote wawili hukutana, maana Kifaransa na Kiingereza huliandika neno hilo kwa herufi zilezile. Asili yake ni Kigiriki, maneno mawili: joto, na kusimama mahali pamoja. Themostati ni kile kinacholifanya joto litulie.

Kwa hiyo tafsiri inayofaa ni kidhibitijoto. Kudhibiti ni kuzuia jambo lisizidi wala lisipungue, na hiyo ndiyo kazi yake. Kukiita kipozeo kungepotosha, kwa sababu kupoza ni kazi ya rejeta.

Ndani yake kuna kikopo cha shaba chenye nta. Muundo huu uliasisiwa na Sergius Vernet miaka ya 1930 na bado unatumika. Injini ikiwa baridi, springi huifunga vali, na maji huzunguka ndani ya injini tu kwa njia ya pembeni. Yakifikia nyuzi zilizoandikwa kwenye chuma, mara nyingi 82 kwa Toyota, nta huyeyuka, hutanuka na kuisukuma vali, na maji huanza kwenda kwenye rejeta.

Ukiitoa themostati, unaharibu mambo mawili. Kwanza, injini huchelewa kupata moto, hasa asubuhi za Juni na Julai pale Gitega, nayo hunywa esansi zaidi. Kwa dereva wa Burundi, anayejua foleni ya kituo cha mafuta, hilo si jambo dogo. Pili, katika injini nyingi za Toyota themostati ikifunguka huiziba ile njia ya pembeni. Isipokuwepo, njia hubaki wazi: sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari inaweza kuchemka mlimani kuliko mwanzo.

Kuipima themostati ni rahisi, ila milima ina sharti lake. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, kisha washa moto. Yenye nambari 82 ianze kufunguka karibu na nyuzi hizo na iwe wazi kabisa kwenye 95. Lakini Gitega iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Muyinga iko juu zaidi, huchemka mapema zaidi. Themostati yenye nambari 88 haitafunguka yote kwenye sufuria ya Muyinga hata ikiwa nzima. Fundi asiyelijua hili ataitupa bure. Atazame kama imeanza kufunguka mahali pake, na kama inajifunga ikipoa.

Urefu huohuo juu ya bahari unakipa uzito kifuniko cha rejeta. Kifuniko chenye nambari 0.9 hushikilia shinikizo, na maji ndani huweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wake ukichakaa, maji huchemka karibu na joto la kawaida la kazi ya injini, na lawama huangukia themostati. Mimi ningeanza na kifuniko, kwa sababu ndicho rahisi kuliko vyote, lakini injini ikiwa baridi kabisa: kukifungua kikiwa cha moto kumewaunguza watu nyuso na mikono.

Dalili nyingine zisichanganywe na hizi. Gari ikichemka huku rejeta yote ni baridi, themostati imekwama ikiwa imefungwa, au pampu ya maji haisukumi. Ikichemka kwenye foleni tu, tazama feni. Ikichemka kwenye mlima mrefu huku feni inafanya kazi, rejeta huenda imeziba, mara nyingi kwa kutu ya maji ya mtoni yaliyotiwa badala ya kulanti. Maji yakitoa mapovu mfululizo tangu injini inapowashwa, kifuniko kikiwa wazi, gasketi ya silinda hedi imekwisha, na hapo themostati mpya haitasaidia.

Dukani endelea kusema themostati, ndivyo utakavyoeleweka kuanzia Kobero hadi Gitega. Lakini fundi anapomfundisha kijana garajini, amtajie pia kidhibitijoto na kumweleza maana yake. Nawe mwenye gari, ukiambiwa itolewe, omba kwanza ipimwe mbele yako. Ikiwa mbovu, nunua nyingine yenye nambari ileile.