Muziki na Ujenzi wa Mji wa Morogoro

Mwaka 1871, msafiri Stanley alipopita chini ya milima ya Uluguru akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, aliukuta mji wa Simbamwene, ambao Kisabengo, jemadari wa Kizigua, aliujenga na ukaitwa kwa jina la bintiye, nao umezungukwa na ukuta wa mawe wenye minara pembeni na malango ya mbao yaliyotiwa nakshi kwa mtindo wa Kiarabu. Naye hakuficha mastaajabu yake kwa kuona ufundi wa pwani umepanda hadi bara. Mwaka uliofuata mafuriko yaliubomoa mji ule, na Morogoro ya leo ikaja kukua mahali pake, hasa baada ya reli ya kutoka Dar es Salaam kufika mwaka 1907, na mashamba ya mkonge kuwavuta watu wa makabila mengi waje kutafuta riziki.

Wageni hao, pamoja na Waluguru walioteremka mlimani na mboga na matunda yao, hawakuwa na ukoo mmoja wala ngoma moja. Na miongoni mwa mambo yaliyowafanya wawe watu wa mji mmoja, mimi nalitanguliza dansi. Morogoro Jazz iliundwa mwaka 1944, na miaka minne baadaye kijana Salum Abdallah, aliyevutwa na santuri za Kyuba, akaanzisha bendi ya La Paloma, ambayo tangu mwaka 1952 ikajulikana kwa jina la Cuban Marimba. Kwa kuwa Tanganyika haikuwa na kiwanda cha santuri, wanamuziki hawa walivuka mpaka kwenda kurekodi Kenya, na kwa njia hiyo jina la mji mdogo wa bara likafika katika nyumba za Mombasa, Nairobi na Kampala, ambako watu wengi hawakupata kuiona Uluguru kwa macho. Mbaraka Mwinshehe alipokuja kuishika gitaa ya Morogoro Jazz, sifa ikazidi, hata mwaka 1970 bendi hiyo ikapiga katika Maonyesho ya Dunia mjini Osaka, Ujapani.

Fauka ya fahari, dansi lilikuwa na uchumi wake: kiingilio cha mlangoni kiliwalipa wapigaji, fundi cherehani alipata kazi ya sare, na mama lishe alipata wateja usiku. Lakini sanaa ile iliegemea mno juu ya watu wachache. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na ijapokuwa Juma Kilaza aliiongoza Cuban Marimba kwa ustadi baada yake, na Mbaraka akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, mauti ya Mbaraka katika ajali huko Mombasa, Januari 1979, yalifunga mlango wa zama zile, na mji ukabaki na sifa pasipo nyumba ya kuihifadhi.

Unguja ilishika njia nyingine. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985. Tamasha la filamu likaanza mwaka 1998. UNESCO ikautia mji katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Kisha katika jengo la zamani la Forodha kikafunguliwa chuo cha muziki, ambamo taarabu hufundishwa vijana kwa utaratibu, na mwaka 2004 likaja tamasha la Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe. Hata hivyo sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib, lililomo katika Mji Mkongwe huo, iliporomoka Desemba 2020, na hilo ni onyo kwamba shangwe za tamasha haziusimamishi ukuta usiotunzwa.

Basi hukumu yangu ni hii: mji haufufuliwi na sherehe ya siku tatu, bali na taasisi inayofundisha na kuhifadhi mwaka mzima, nayo sherehe ikawa tunda lake. Enyi madiwani wa Manispaa ya Morogoro, na ninyi wenye mali na wapenda muziki, tengeni jengo moja la zamani, mkusanye humo santuri, picha na kumbukumbu za wazee waliosalia, mkaweke walimu wa gitaa na wa ngoma za Kiluguru. Na mfanye hivyo wakati wazee hao wangali hai.