Sauti ya Mwanamke katika Fasihi ya Wayunani wa Kale

Katika kitabu cha kwanza cha Odyssey, utendi wa Homer, malenga Phemius anawaimbia wageni habari za Wayunani waliotaabika wakirejea kutoka vita vya Troy. Penelope, ambaye mumewe Odysseus hajarudi, anashuka kutoka chumbani akilia na kumwomba malenga abadili wimbo. Mwanawe, Telemachus, anamkatiza: apande juu akafume na kusokota, kwani kunena ni kazi ya wanaume. Penelope anastaajabu, kisha anarudi chumbani.

Si kwamba wanawake ni haba katika fasihi hiyo. Jukwaa la Athens lilijaa vilio na hoja zao: Clytemnestra wa Aeschylus, Antigone wa Sophocles, Medea wa Euripides. Katika tamthilia iliyochezwa mwaka 431 K.K., Medea analalamika kwamba mwanamke hununua mume kwa mali nyingi itokayo kwao, kisha mume huyo akawa bwana wa mwili wake. Na kwamba ni heri kusimama vitani mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Ni maneno mazito. Lakini yalitungwa na mwanamume na kutamkwa na mwanamume aliyevaa kinyago cha kike, mbele ya waamuzi wanaume.

Mwaka huohuo vita vya Athens na Sparta vilianza. Thucydides anasimulia kwamba majira ya baridi yaliyofuata, katika maziko ya waliouawa, Pericles aliwausia wajane kuwa fahari ya mwanamke ni kutotajwa sana na wanaume, kwa sifa wala kwa lawama. Mji uliompa mwanamke ulimi jukwaani ulimtaka awe bubu mjini.

Zaidi ya karne moja na nusu kabla ya hapo, kisiwani Lesbos, Sappho alikuwa amekwisha kunena kwa kinywa chake. Alijitaja kwa jina ndani ya utungo, ada ambayo malenga wa pwani wanaielewa vyema. Helen, ambaye katika Iliad anajilaumu kwa vita vilivyozuka kwa ajili yake, kwa Sappho ni ushahidi kwamba kizuri kuliko vyote ni kile mtu akipendacho, si majeshi wala merikebu. Hamkaripii, anamkumbuka kupitia kwake Anactoria, aliye mbali.

Utungo huo ulifukuliwa Oxyrhynchus, Misri, katika vipande vya mafunjo vilivyochapishwa mwaka 1914. Mwingine, juu ya uzee, ulijulikana zaidi mwaka 2004. Kati ya vitabu vyake vyote vilivyokusanywa Alexandria, utungo mmoja tu umetufikia ukiwa mzima bila shaka. Medea tunaye kamili. Sappho tunaye kwa viraka. Anayetaka kumjua mwanamke wa Kiyunani na awasome wote wawili, akikumbuka daima ni nani aliyeishika kalamu.