Mpaka Ndani ya Msitu: Historia ya Mwindaji Mgeni katika Majimbo ya Marekani

Kwa zaidi ya karne moja, safari ya marafiki kwenda kuwinda kulungu katika jimbo lisilo lao imekuwa desturi inayotambulika nchini Marekani, yenye msimu wake, mavazi yake, sheria zake na gharama zake. Mnyama anayewindwa zaidi katika safari hizo ni kulungu wa mkia mweupe, ambaye hutofautiana na kulungu wa misitu ya Afrika kwa kuwa pembe za dume wake zina matawi, huanguka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana na kuota upya kabla ya msimu unaofuata. Desturi hiyo huelezwa mara nyingi kama burudani ya watu waliochoshwa na mji, lakini historia yake kwa sehemu kubwa ni historia ya mpaka: jinsi mstari uliochorwa kwa ajili ya utawala ulivyoingia msituni, ukawagawa wawindaji kuwa wenyeji na wageni, na kuamua kila mmoja alipe kiasi gani kwa mnyama yuleyule. Mgawanyo huo ulizaliwa na uhaba, nao umeendelea kudumu hata baada ya uhaba wenyewe kwisha.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, mwindaji aliyevuka mpaka wa jimbo hakuwa na hadhi tofauti sana na ya mkazi, kwa kuwa sheria zilizokuwapo zilihusu zaidi miezi ambayo uwindaji ulikatazwa, nazo hazikuwa na askari wa kutosha wa kuzisimamia. Reli ndiyo iliyobadilisha hali hiyo. Katika milima ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York, kitabu cha mchungaji William H. H. Murray kilichotoka mwaka 1869 kiliwavuta watu wa mijini kwa wingi kiasi kwamba waliokuja bila kujua lolote kuhusu maisha ya porini walipewa jina la dhihaka la wajinga wa Murray. Wageni hao waliajiri waongozaji wenyeji, waliowapeleka ziwani kwa mashua nyepesi na kuwaonyesha mbinu mbili zilizopendwa wakati huo: kuwatumia mbwa kumsukuma kulungu hadi majini, na kumvizia usiku kwa taa iliyomduwaza akasimama bila kukimbia. Jimbo la New York lilipiga marufuku mbinu hizo mwaka 1897.

Reli hiyohiyo, hata hivyo, ilibeba pia nyama. Wawindaji wa biashara, yaani watu walioua wanyama kwa ajili ya masoko ya miji mikubwa na si kwa chakula cha nyumbani, walisafirisha mizoga kutoka misitu ya Michigan, Wisconsin na Minnesota hadi Chicago na kwingineko, huku mashamba mapya yakiendelea kumega makazi ya wanyama. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, kulungu wa mkia mweupe, ambao makadirio huweka idadi yao ya kale katika makumi ya mamilioni, walikuwa wamebaki laki chache tu katika nchi nzima. George Bird Grinnell, mhariri wa jarida la Forest and Stream ambaye mwaka 1887 alishirikiana na Theodore Roosevelt kuunda klabu ya Boone and Crockett, alitumia kurasa za jarida lake kudai kwamba uuzaji wa nyama ya wanyamapori ukomeshwe kabisa.

Katika hofu hiyo ndipo mwindaji mgeni alipopata sura ya kisheria. Mwaka 1895 jimbo la Michigan lilianza kudai leseni ya kuwinda kulungu, ambayo mkazi aliilipia senti 50 na mgeni dola 25, na miaka miwili baadaye Wisconsin ikaweka dola 1 kwa mkazi na dola 30 kwa mgeni. Pennsylvania ilikwenda mbali zaidi, kwani ilimtoza mgeni dola 10 tangu mwaka 1901, ilhali wakazi wake hawakutakiwa kuwa na leseni hadi mwaka 1913. Viwango hivyo vilikuwa na maana zaidi ya mapato, kwa sababu katika enzi ambayo dola 30 zilikuwa ujira wa wiki kadhaa kwa kibarua, ada ya namna hiyo ilitenda kazi ya ukuta, na ni tajiri tu aliyeweza kuupita.

Uhalali wa ukuta huo ulitokana na fundisho la kisheria ambalo mizizi yake imo katika sheria za kale za Uingereza, nalo ni kwamba mnyama wa porini si mali ya mwenye ardhi anamopita, bali ni amana inayoshikwa na jimbo kwa niaba ya watu wake. Mahakama ya Juu ya Marekani ililithibitisha fundisho hilo mwaka 1896 katika kesi ya Geer dhidi ya Connecticut, iliyohusu ndege waliowindwa kihalali kisha wakakusudiwa kusafirishwa nje ya jimbo. Miaka minne baadaye Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mbunge John F. Lacey wa Iowa, iliyofanya kuwa kosa la kitaifa kuvusha mpakani mnyama aliyeuawa kinyume cha sheria za jimbo alikotoka. Tangu wakati huo mpaka ulikuwa na meno pande zote mbili, kwa kuwa mgeni alilipa kuingia na mzoga wake ulikaguliwa kutoka.

Pamoja na vizuizi hivyo, wasafiri waliongezeka, na sababu ilikuwa dhahiri: wengi wao walitoka mahali ambapo hapakuwa tena na kulungu. Indiana na Ohio zilikuwa zimewapoteza takriban wote, na Illinois ilifunga uwindaji wao mwaka 1901. Upande wa kaskazini, kinyume chake, misonobari mikubwa ilipokwisha kukatwa, vichaka na miti michanga vilivyochipuka viliwapa kulungu malisho tele, na wakataji magogo walipohama waliacha nyuma njia na vibanda. Kambi za wawindaji zikachukua nafasi ya kambi za magogo. Gari lilipopatikana kwa watu wa kipato cha kawaida, vikundi vya mafundi, wakulima na wafanyakazi wa viwandani viliweza kuchanga fedha za petroli, vyakula na leseni, kisha kusafiri usiku kucha. Kwa waliokwenda rasi ya juu ya Michigan, sehemu iliyotengwa na eneo lililobaki la jimbo hilo kwa mlango wa maji wa Mackinac, safari ilikuwa na kituo chake maarufu, kwani kabla ya tarehe 15 Novemba, siku ya kufunguliwa kwa msimu wa bunduki, magari yalipanga foleni ndefu yakisubiri kivuko, hadi daraja lilipofunguliwa tarehe 1 Novemba 1957.

Uchangaji huo wa gharama ndio uliofanya safari ya ugenini iwe shughuli ya kikundi, na kikundi kikajitungia mila. Kambini mzee mwenye uzoefu ndiye aliyepanga nani akae wapi. Katika uwindaji wa kuswaga, baadhi ya wenzake walitembea msituni kwa mstari ili kuwasukuma kulungu kuelekea kwa wengine waliojipanga mbele. Mgeni wa mara ya kwanza alipewa kazi za kuosha vyombo na kukata kuni, akikosa shabaha alikatwa ncha ya shati lake na kutundikiwa ukutani, na akimwangusha kulungu wake wa kwanza alipakwa damu usoni. Sheria nazo zilitofautiana hata ndani ya mila hizi: Wisconsin inaruhusu mwanakikundi kumuua kulungu kwa kutumia lebo ya mwenzake aliye karibu, lebo hiyo ikiwa ni kibali cha mnyama mmoja, ilhali Michigan inalihesabu tendo hilo kuwa kosa. Hata rangi ya nguo ilikuwa suala la jimbo, kwa kuwa Wisconsin iliagiza nyekundu mwaka 1945, kisha ikaagiza rangi ya machungwa yenye kung'aa mwaka 1980 ili wawindaji wasipigane risasi.

Mizania iligeuka polepole baada ya mwaka 1937, ambapo sheria ya seneta Key Pittman na mbunge A. Willis Robertson ilielekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi, kwa sharti kwamba majimbo yasitumie ada za leseni kwa mambo mengine. Kulungu walihamishwa kutoka walikobakia na kuachiliwa walikotoweka. Ohio ilifungua tena msimu mwaka 1943, Indiana mwaka 1951, Iowa mwaka 1953, Illinois mwaka 1957 na Kansas mwaka 1965, na leo idadi ya kulungu wa mkia mweupe hukadiriwa kuwa karibu milioni 30. Majimbo ambayo watu wake walilazimika kusafiri kaskazini sasa ndiyo yanayosifiwa kwa madume wenye pembe kubwa, na baadhi yake yamejenga ukuta wake yenyewe: Iowa huwawekea wageni ukomo wa leseni 6,000 za kulungu wa jinsia yoyote, hivyo mwombaji hujiwekea pointi kwa miaka kadhaa kabla ya kupata nafasi katika bahati nasibu.

Wageni walijaribu kuupinga mpaka huo mahakamani. Katika msimu wa mwaka 1976, Montana ilimtoza mgeni dola 225 kwa kifurushi cha leseni kilichojumuisha kulungu mkubwa aina ya elki, kulungu wa kawaida na dubu, ilhali haki zizo hizo zilimgharimu mkazi dola 30. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu iliamua kwamba tofauti hiyo ni halali, kwa kuwa uwindaji wa namna hiyo ni starehe na si riziki ya lazima. Ingawa mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo ilibatilisha hukumu ya Geer, na kwa hiyo majimbo yakapoteza sehemu ya nguvu zake juu ya usafirishaji wa wanyama, Bunge lilitunga sheria mwaka 2005 kuthibitisha haki yao ya kuwatofautisha wenyeji na wageni. Matokeo yake ni hali yenye mkanganyiko, hasa magharibi, ambako misitu mingi ni mali ya taifa zima na kila raia ni mwenye hisa katika ardhi, lakini si katika mnyama anayeikanyaga. Huko Wyoming, mgeni anaweza kutembea peke yake katika hifadhi za pori la taifa, lakini hawezi kuwinda humo wanyama wakubwa bila mwongozaji wa kulipwa, au mkazi aliyepata kibali cha bure cha kumwongoza. Sheria, kwa maneno mengine, imeupa urafiki thamani inayohesabika.

Katika miaka ya karibuni mpaka umepata kazi nyingine. Ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, ambao huharibu ubongo na hauna tiba, ulitambuliwa Colorado mwaka 1967 na kugunduliwa Wisconsin mwaka 2002, na tangu hapo majimbo mengi yamekataza kuingiza ubongo na uti wa mgongo wa kulungu kutoka maeneo yaliyoathirika. Msafiri wa leo hulazimika kuitenga nyama na mifupa kabla ya kurejea nyumbani, akitii karantini pale ambapo babu yake alitii vita dhidi ya wauza nyama.

Ukuta wa ada uliojengwa ili kumzuia mgeni umeishia kumfanya mlipaji mkuu. Idara za wanyamapori za majimbo ya magharibi hutegemea sana fedha za wageni, na kadiri idadi ya wawindaji wakazi inavyopungua katika majimbo mengi, ndivyo utegemezi huo unavyozidi kuwa mzito. Mdhamini wa amana, yaani jimbo, basi, analipwa kwa kiasi kikubwa na watu ambao sheria haiwahesabu kuwa miongoni mwa wenye amana, na hoja ya mgeni astahili sauti gani katika kuamua hatima ya kulungu anaowalipia ni suala ambalo karne nzima ya sheria za uwindaji haijalijibu.