Kutoka Cheo hadi Kazi

Neno "staafu" lilitujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya awali ni kuomba kuondolewa jukumu. Mzizi wake ndio uliotupa pia "afya". Siku hizi limeegemea upande wa mapumziko: ukisema mstaafu, watu wanamwona mzee wa kiinua mgongo, mwenye shamba na wajukuu. Lakini askari anaweza kustaafu akiwa na miaka arobaini na kitu, mikono yake bado ina kazi ya miaka mingi. Huyo akiomba kuhamia Kanada kwa mlango wa wafanyakazi wenye ujuzi, ustaafu wake hauna maana yoyote pale. Anaulizwa anafanya kazi gani.

Swali hilo ni gumu kwa mwanajeshi, kwa sababu jeshi humtaja mtu kwa cheo. Koplo, sajenti, sajinitaji, ofisa mteule, luteni usu: kila aliyewahi kuvaa gwanda anaujua uzito wa maneno haya. Ila cheo hueleza nani anakuamuru na wewe unamwamuru nani. Hakielezi unachojua kufanya.

Kanada huita kazi kwa namba. Katika orodha yake ya kazi ya 2021, maofisa wa jeshi wako 40042 na askari wa mapigano 44200, na vichwa vya makundi hayo vinataja waziwazi Jeshi la Kanada. Sajinitaji wa Tanzania aliyeshinda karakana akifungua giaboksi za malori ajitafute 72410, kwa mafundi wa magari, malori na mabasi. Chini ya namba hiyo kuna orodha ya majukumu, naye aonyeshe kuwa ametenda sehemu kubwa ya hayo.

Kwa hili Kiswahili chetu kina hazina. "Fundi" na "mwanafunzi" ni ndugu. Fundi ni mtu aliyefundwa. Tena tuna ngazi zake: fundi mchundo, fundi sanifu, kisha mhandisi. Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, hutumia neno ninalolipenda sana, kurasimisha: kumpima aliyejifunzia kazini na kumpa cheti cha kile anachokijua tayari. Kuhusu "mfanyakazi mwenye ujuzi", mimi ningechagua "mfanyakazi stadi". Ujuzi waweza kukaa kichwani tu, ilhali stadi ni mtu aliyekwisha kuonekana akitenda, na kutenda ndiko kunakopimwa.

Hapa ndipo kupanda cheo kunapoweza kumponza mtu. Mpango wa Kanada wa mafundi unadai uzoefu wa miaka 2 ndani ya 5 iliyopita. Fundi hodari akifanywa ofisa mteule, akaketi na mafaili miaka 4 ya mwisho, heshima imepanda na uzoefu unaohesabika umepungua. Umri nao haungoji. Katika Express Entry, mfumo wa alama ambao Kanada huutumia kuwapanga waombaji hao tangu 2015, mwombaji mwenye miaka 20 hadi 29 asiye na mwenzi hupata alama 110 za umri. Akitimiza 45 hapati hata moja. Ndiyo maana naona askari fundi aanze kukusanya maneno ya kazi yake akiwa bado kambini, mkuu wa karakana anayemfahamu angali yupo.

Barua ya utumishi ikisema tu "alikuwa sajinitaji, mwenendo mzuri sana", imemsifu bila kumsaidia. Inahitaji vitenzi: alipima mgandamizo wa injini, alibadilisha klachi, alitengeneza breki za upepo, aliendesha gari baada ya matengenezo kulijaribu, alisimamia mafundi mchundo na kukagua kazi yao. Kisha tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na saa alizofanya kazi kila wiki.